Hazina ndani ya belo: nani hasa anafaidi?

Muuza jinzi anapofungua belo la mitumba hesabu yake ni fupi: ngapi ni daraja la kwanza, ngapi zitakwenda kwa bei ya kutupa, na mtaji utarudi lini. Ni wachache wanaojiuliza kama ndani ya lundo hilo imo suruali moja yenye thamani kuzidi belo zima. Swali hilo si la ndoto. Soko la vitu vikuukuu vinavyotafutwa na wakusanyaji lipo, lina wanunuzi Marekani, Ulaya na Japani, na lina taratibu zake.

Mfano unaotajwa sana ni wa Nashville, Marekani. Mwaka 2006 mteja mmoja alinunua karatasi iliyoviringishwa katika duka la mitumba kwa dola 2.48. Ilikuwa nakala ya Azimio la Uhuru la nchi hiyo, moja kati ya 200 zilizochapwa mwaka 1823 kwa agizo la serikali. Mwaka 2007 iliuzwa mnadani kwa dola 477,650. Aliyeitoa dukani alikuwa ameitundika gereji kwa miaka, akaitoa bure wakati wa kusafisha nyumba. Wote wawili waliishika karatasi ile ile. Mmoja alitilia shaka akaenda kuuliza wanaojua, na hapo ndipo faida yote ilipotoka.

Lakini kitu cha thamani si lazima kiwe mali yako. Mwaka 2018 mnunuzi wa Austin, Texas, alilipa dola 34.99 kwa kichwa cha marumaru. Wataalamu waligundua kuwa ni sanamu ya Kirumi ya miaka ipatayo 2,000, iliyowahi kuwa katika jumba la Aschaffenburg, Ujerumani, na kutoweka wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakuweza kuiuza. Ilionyeshwa katika makumbusho ya San Antonio kuanzia mwaka 2022, kisha ikarudishwa Ujerumani mwaka 2023. Risiti ya duka haikumpa haki ya kitu ambacho mwenyewe hakuwahi kukiuza.

Tuje kwenye nguo, maana ndizo zinazopita mikononi mwa wasomaji wetu. Katika jinzi za Levi's, tazama kitambaa chekundu kidogo pembeni mwa mfuko wa nyuma. Hadi mwaka 1971 jina liliandikwa kwa herufi kubwa zote, LEVI'S. Baada ya hapo herufi ya "e" ikawa ndogo. Wakusanyaji huzitafuta zile za "E" kubwa. Hata hivyo, usikimbilie kushangilia. Kampuni yenyewe imetoa upya mitindo ya zamani yenye "E" hiyo hiyo. Geuza suruali ndani: ukikuta kilebo cha maelekezo ya kufua kilichoshonwa, hiyo si ya kabla ya 1971. Na tafadhali, usiipeleke kwa fundi kukata pindo wala kuitia rangi. Mkusanyaji anataka pindo la kiwandani, hata likiwa limechakaa.

Tusidanganyane kuhusu uwezekano. Kabla ya belo kufungwa huko ng'ambo, maduka na wachambuzi wamekwisha kuchuja, na wengi wao wanazijua alama hizi vizuri. Kinachotufikia ni kile kilichowapita. Anayenunua mabelo zaidi kwa kutegemea hilo anacheza bahati nasibu kwa fedha ya kodi ya meza.

Pia bei za minadani zisomwe kwa uangalifu. Mwaka 2022 jinzi ya karne ya 19, iliyookotwa katika mgodi uliotelekezwa Marekani, iligongewa nyundo kwa dola 76,000, lakini mnunuzi alilipa 87,400 kwa sababu ada ya mnada ilikuwa asilimia 15. Ada hiyo haikwenda kwa muuzaji. Naye muuzaji kwa kawaida hukatwa kamisheni yake, na akiwa mbali kuna usafirishaji na bima.

Kwa mfanyabiashara wa meza moja, mnunuzi wa kweli atakuwa yule anayezunguka sokoni kila wiki akichagua za zamani peke yake. Akishika suruali moja na kuigeuza mara mbili, usitaje bei kwanza. Geuza nawe, usome kitambaa na kilebo, kisha mwulize atatoa ngapi.