Mgonjwa Akiumizwa Hospitali, Ndugu Zake Wafanye Nini?

Karani wa parokia huandika barua za watu wengi: za shule, za mashamba, za kudai mishahara. Siku moja alinijia mama mmoja akasema: "Karani, mwanangu alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudi ndani ya sanduku. Nasikia walikosea. Niandikie barua." Nikamwuliza, "Pole, mama. Ilikuwa lini?" Akajibu, "Huu ni mwaka wa 5." "Na cheti chake kiko wapi?" "Tulikichoma pamoja na godoro." Nikabaki na kalamu mkononi, nisijue nianzie wapi.

Ndugu msomaji, makosa ya namna hiyo yapo. Mwezi wa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, walikuwako vijana wawili wenye jina la kwanza moja. Mmoja aliumwa goti, mwenziwe alikuwa na uvimbe kichwani. Wakabadilishwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa mguu. Huyu wa pili akafariki. Nchi nzima ilisikitika.

Lakini si kila kifo cha hospitali ni kosa la mganga. Ugonjwa mwingine hushinda dawa, na mganga hodari aweza kufiwa na mgonjwa mikononi. Sheria haimwulizi mganga, "Je, mgonjwa alipona?" Humwuliza, "Je, ulifanya kama afanyavyo mganga mwenye ujuzi wa kazi yako?" Kipimo hiki kilielezwa na jaji mmoja wa Uingereza mwaka 1957. Mgonjwa mmoja alivunjika mifupa ya nyonga alipokuwa akitibiwa kwa umeme. Aliumia kweli, lakini alishindwa katika shauri lake, kwa sababu waganga wengi wenye ujuzi nao walikuwa wakitibu vivyo hivyo. Basi kuumia peke yake hakutoshi. Hapana budi kuonyesha uzembe, na kuonyesha kwamba uzembe huo ndio ulioleta madhara.

Mzigo wa kuonyesha hayo ni wa mwenye kudai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na haki ni vivyo hivyo. Kwa hiyo tunza kila karatasi: cheti, risiti, picha za eksirei, majina ya dawa. Andika katika daftari la mtoto wa shule: tarehe, saa, nani alisema nini. Omba kwa maandishi upewe taarifa ya matibabu. Na mgonjwa akifariki nanyi mna mashaka, ombeni maiti ichunguzwe na daktari kabla ya kuzika. Najua ni neno zito katika nyumba ya msiba, lakini kaburi likisha kufunikwa, ushahidi mwingi hufunikwa nalo.

Wengine hunyamaza kwa kuwa walitia sahihi kabla ya upasuaji. Sahihi ile yasema umekubali kupasuliwa; haisemi umekubali kupasuliwa kwa uzembe.

Sasa, waende wapi? Kwanza, kwa mganga mkuu wa hospitali yenyewe, kwa adabu na kwa barua, na nakala ibaki nyumbani. Mara nyingi watu hutaka tu kuambiwa kweli na kuombwa radhi, na jambo huishia hapo. Pili, kwa Tanzania Bara liko Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa wauguzi na wakunga liko baraza lao. Mabaraza haya yaweza kumwonya mtu, kumsimamisha, hata kumfuta katika daftari la kazi yake. Tatu, mahakamani, ambako hudaiwa fidia. Anayedaiwa si yule mganga tu, bali na mwenye hospitali aliyemwajiri, awe Serikali, awe tajiri, au liwe Kanisa. Ndiyo, hata hospitali zetu za misheni. Mgonjwa akifa, mume au mke wake, watoto na wazazi waweza kudai.

Hapa ndipo yule mama alipopotelewa. Dai la uzembe lina muda wa miaka 3 tu tangu haki ya kudai ianze. Na kama hospitali ni ya Serikali, yapasa kwanza kupeleka notisi ya siku 90 kwa ofisi inayohusika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa: iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani, mwonyeshwe wasaidizi wa kisheria.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha kabla ya kupasua. La kwanza ni mgonjwa kuulizwa jina lake, mahali atakapopasuliwa, na kazi itakayofanywa. Usipoulizwa, jitajie mwenyewe: jina lako lote na la baba yako, na goti lipi. Kuuliza si ujinga.

Watu husema, "Tumwachie Mungu." Kusamehe ni kwema, lakini kusamehe si kuficha. Kosa lisilosemwa hurudi tena kwa mtoto wa mwingine. Wala msiende hospitali na fimbo kumpiga mwuguzi. Huyo huyo ndiye atakayempokea mjukuu wenu kesho. Nendeni na daftari, na nendeni mapema.