FAINALI YA ACCRA INGALI INACHEZWA KANTINI

Ukiingia katika kantini ya kambi jioni, baada ya askari kuvunja gwaride na kubadili mavazi, hutakosa kuwakuta makocha. Hawana cheti, wala hawajapata kulipwa hata senti moja kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kila mmoja wao anajua kwa hakika nani alistahili kucheza beki ya kushoto, nani alipaswa kukaa katika benchi, na ni kwa sababu gani timu yetu ya Taifa, Uganda Cranes, ilifungwa siku ile iliyofungwa.

Mechi inayobishaniwa kuliko zote ni ile ya Machi 1978 mjini Accra, ambapo Cranes ilikutana na Ghana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Wengi wanaoijadili leo walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Wameirithi mechi hiyo kutoka kwa baba zao, kama mtu anavyorithi shamba pamoja na kesi ya mpaka wake.

Mwandishi wa makala haya aliketi na mashabiki hao jioni moja. Walikuwapo sajini mstaafu mwenye mvi, konstebo kijana wa polisi, koplo mmoja asiyependa maneno mengi, na mama mwenye kuuza chai, ambaye ni mke wa askari. Mazungumzo yalianza kwa kicheko, lakini hayakuendelea hivyo.

"Mzee," alisema konstebo, "kila siku mnatuimbia 1978. Fainali ni fainali. Aliyefungwa amefungwa. Ninyi mlikwenda kutalii."

Mzee alikiweka kikombe chake mezani polepole, akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Meza za jirani zikanyamaza, maana mzee huyo hakuwa mtu wa kusimama bure.

"Kijana," alisema, "unajua kabla ya mwaka huo tulikuwa tumeshinda mechi ngapi katika fainali za kombe hilo? Hata moja! Tulikwenda 1962, tukaenda 1968, tukaenda 1974 na 1976. Mara zote nne tulirudi bila ushindi. Halafu unasema vijana wale walikwenda kutalii?"

Mzee alisema kweli, na inafaa wasomaji wakumbushwe jinsi mambo yalivyokwenda. Cranes, chini ya kocha Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda, ilipangwa kucheza mjini Kumasi katika kundi moja na Congo, Tunisia na Morocco. Congo ilikuwa imelichukua kombe mwaka 1972. Morocco ndiyo iliyokuwa bingwa mtetezi, kwa kuwa ililitwaa mwaka 1976. Tunisia nayo ilikuwa njiani kwenda Argentina katika Kombe la Dunia, ambako miezi michache baadaye iliifunga Mexico mabao 3 kwa 1 na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kushinda mechi katika mashindano hayo. Hapakuwa na mnyonge hapo isipokuwa sisi.

Mnyonge huyo aliifunga Congo mabao 3 kwa 1. Kisha akafungwa na Tunisia kwa idadi hiyo hiyo, na wengi wakadhani safari imefika mwisho. Katika mechi ya tatu akamtoa bingwa mtetezi kwa mabao 3 kwa bila. Uganda na Tunisia zikawa na pointi nne kila moja, maana siku hizo ushindi ulikuwa na pointi mbili tu, na Uganda ikaongoza kundi kwa tofauti ya mabao. Katika nusu fainali Nigeria ilifungwa mabao 2 kwa 1. Phillip Omondi alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, akiwa miongoni mwa wafungaji bora watatu.

Kijana hakukana hayo. Lakini naye alikuwa na hoja yake, akaitetea bila kurudi nyuma. "Mimi sikatai kwamba walicheza vizuri Kumasi. Ninasema kwamba Accra haikuwa Kumasi. Accra unacheza na mwenyeji, mbele ya watu wake, naye ana Abdul Razak, mtu ambaye mwaka ule ule alichaguliwa Mwanasoka Bora wa Afrika. Huwezi kumwendea mtu kama huyo na mafowadi tele, huku katikati umeacha uwanja wazi kama barabara!"

"Kwa hiyo ungefanya nini?" aliuliza mzee kwa ukali.

"Ningemtoa fowadi mmoja, nikaongeza mtu wa kiungo, kazi yake kumfuata Razak hata akienda kunywa maji."

"Woga huo!" alifoka mzee. "Tulifunga mabao tisa katika mechi nne kwa kushambulia. Mtu aliyekula kwa jembe umnyang'anye jembe siku ya mavuno?"

Sauti zilipozidi kupanda, mama mwenye chai alikuja na bakuli la vizibo vya chupa za soda, akavimwaga mezani. "Wanangu, na wewe baba," alisema, "maneno hayana umbo. Pangeni timu zenu hapa nione. Atakayepiga kelele hanywi chai yangu."

Basi vizibo ishirini na viwili vikapangwa. Kijana aliweka mabeki wanne, viungo watatu na mafowadi watatu. Mzee alirudisha kizibo kimoja mbele. Koplo, aliyekuwa kimya muda wote, aliweka kidole katikati ya meza akasema kwamba wote wawili wamesahau miguu. Hiyo ilikuwa mechi ya tano kwa Cranes katika muda usiotimia wiki mbili. Askari yeyote aliyepata kutembea na mzigo siku nyingi anajua kwamba siku ya mwisho ramani haibadiliki, bali goti ndilo linalobadilika.

Mama akauliza, "Mabao yao yaliingia lini?"

Mzee alijibu mara moja, kama mtu aulizwaye siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Opoku Afriyie alifunga yote mawili, la kwanza katika dakika ya 38 na la pili katika dakika ya 64.

"Basi ninyi hamgombani," alisema mama. "Mpaka dakika ya 38, maneno ya kijana huyu ni ya kweli. Mgeni hufunga mlango kwanza, akasikiliza. Baada ya dakika ya 38, maneno ya mzee ndiyo ya kweli. Ukishafungwa, utamlinda Razak ili iwe nini? Na mmesahau jambo moja: mcheza kwao hutunzwa. Wale walikuwa kwao."

Kantini nzima ilicheka, na kiti cha mzee kikainuliwa. Ghana ilishinda 2 kwa bila, ikawa nchi ya kwanza kulitwaa kombe hilo mara tatu, baada ya 1963 na 1965, na hivyo ikalichukua moja kwa moja.

Lakini mzee hakuwa amemaliza. Aliketi, akasema kwa sauti ya chini kwamba kilichomuuma si ile fainali, bali miaka iliyofuata. Mwaka ule ule wa 1978 haukuisha kabla vita havijaanza. Cranes haikurudi katika fainali hizo hadi mwaka 2017 nchini Gabon, baada ya miaka 39. Omondi alifariki mwaka 1999, hakuiona siku hiyo. "Ndiyo maana mtu akisema tulitalii," alisema, "ninasimama."

Konstebo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani, Mzee. Hilo sikulifikiri."

Wakahamia mechi za karibuni, na hapo mambo yakageuka. Mwaka 2017 mpinzani wa kwanza alikuwa Ghana tena. Cranes ililinda vizuri, ikafungwa bao moja tu kwa penalti. Misri ikaifunga bao moja katika dakika ya 89. Mali wakatoka sare ya 1 kwa 1, bao letu likifungwa na Farouk Miya. Katika mechi tatu, bao moja! "Hao walicheza kama unavyotaka wewe," mzee alimwambia kijana, safari hii akitabasamu. Kijana akajibu kwamba mwaka 2019 nchini Misri timu ilijua kufanya yote mawili: iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2 kwa bila, kwa mabao ya Patrick Kaddu na Emmanuel Okwi, ukawa ushindi wa kwanza katika fainali hizo tangu 1978. Ilivuka kundi, ikatolewa na Senegal kwa bao moja, huku Denis Onyango akiokoa penalti ya Sadio Mané. Mzee alikubali kwa kichwa.

Ndugu wasomaji, ubishi wa mpira si dhambi. Humfundisha kijana kupima, kukumbuka na kutetea hoja. Lakini una mipaka yake. Mshahara wa askari ni ada ya mtoto na unga wa nyumbani, si fedha za kuwekea dau juu ya miguu ya watu wengine. Baba anayejua majina ya mabeki wote na hajui jina la mwalimu wa mwanawe amepanga kikosi vibaya. Na heshima ya waliotutangulia isiuzwe kwa kicheko cha kantini.

Mwezi wa Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika liliipa Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania, haki ya kuandaa fainali za mwaka 2027. Mama alipokumbushwa habari hiyo, alikusanya vizibo vyake akavirudisha bakulini. Alisema atavitunza, kwa kuwa siku hiyo watakaocheza kwao ni sisi.