Msichana mkaidi wa hadithi na barua ya chifu

HADITHI za watoto kuhusu msichana anayekaidi amri za kibaguzi zimekuwa nyingi, na ni vyema. Kasoro yake huonekana mwishoni, pale msichana anapookolewa na bahati, dhahabu au mwana wa mfalme. Mtoto hufurahi, kisha hulala bila kujua msichana wa kweli angebisha mlango upi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa Masii, Kaunti ya Machakos. Mwende huchota maji kwenye visima vya mchangani, huchunga mbuzi na kupalilia shamba. Wazazi wake wote wawili wanapofariki bila kuacha wosia, wazee wa ukoo wanampa kaka yake, Mutua, shamba zima. Mwende akiuliza, anaambiwa kuwa binti ni mgeni, ataolewa.

Hapo ndipo msimulizi anapaswa kuijua sheria. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hutaja watoto bila kutenga wa kiume na wa kike, na katika hali kama hii hugawana sawa. Mashamba ya baadhi ya wilaya za wafugaji, zikiwamo Turkana, Wajir na Narok, yaliachiwa mila, Machakos haikuwamo. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufaa ilitengua mgao uliowapunja mabinti kwa hoja kwamba wangeolewa. Katiba ya 2010 nayo ikaagiza ubaguzi wa kijinsia ukomeshwe katika mila zinazohusu ardhi.

Basi Mwende aende wapi? Kwa chifu. Anayetaka kusimamia mirathi huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, na hapo ndipo majina ya mabinti huachwa kimyakimya. Ombi likifika mahakamani hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. (Sijapata kumwona mkulima akilisoma gazeti hilo kwa starehe.) Hata siku hizo zikipita, Mwende bado anaweza kuiomba mahakama ibatilishe idhini iliyopatikana kwa kuficha jina lake.

Barua haisisimui kama mazimwi yaliyojaa katika ngano za Wakamba, lakini yatosha kujengea kisa. Mutua anafika katika ofisi ya chifu akiwa peke yake, dada yake akiwa nje, mlangoni. Chifu anachukua kalamu na kumuuliza: “Mlizaliwa wangapi?”