Njia ya Pwani: Kutoka Tanga hadi Lamu

Mtu akiitazama ramani ya Afrika Mashariki atadhani kwamba safari ya kutoka Tanga hadi Lamu ni jambo dogo. Ni kama kilomita 500 tu, bahari iko upande wa kulia mwanzo hadi mwisho, na lugha haibadiliki ila kwa lafudhi. Hata hivyo njia hiyo imekatwakatwa mahali pengi, na kila mkato una sababu yake. Mwandishi wa mazungumzo haya aliifuata kwa mabasi, peke yake, na katika kueleza sababu hizo hataacha kutaja yaliyomfika.

Mkato wa kwanza ni mpaka wenyewe. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65 za lami, na ng'ambo ni Lunga Lunga ya Kenya. Mpaka huu ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, walipouanza mstari wao kwenye mlango wa Mto Umba na kuuvuta kuelekea bara. Wadigo hawakuulizwa, na hadi leo wako pande zote mbili. Shangazi yuko huku, shamba la minazi liko kule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Kwa muda wa miaka zaidi ya sita mtu wa Vanga aliyefiwa Tanga alikuwa na shida kubwa ya kwenda kuzika.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Novemba 1999, na itifaki ya soko la pamoja ikaanza kutumika Julai 2010. Mambo yamekuwa mepesi, lakini si mepesi sawa kwa wote. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kwamba tangu mwaka 2014 raia wao wavuke mipaka yao kwa kitambulisho cha taifa; sisi Watanzania hatukuingia katika mapatano hayo. Basi mimi nilionyesha pasi, nikaonyesha na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nikagongewa mhuri. Hapo sikupata taabu yoyote. Taabu niliipata nje, kwa mbadilisha fedha wa chini ya mti, aliyenihesabia noti mbele ya macho yangu na bado zikapungua nilipozihesabu ndani ya gari. Noti moja ilikuwa imekunjwa mara mbili ikahesabiwa kama mbili. Msafiri mwenye mwenzake huwa na macho manne. Mimi nilikuwa na mawili, na yote yalikuwa yakilitazama begi.

Kutoka Lunga Lunga njia hupita Msambweni na Ukunda hadi Likoni, na hapo ndipo mkato wa pili, yaani maji. Yafaa ieleweke kwamba mji wa Mombasa umejengwa juu ya kisiwa, na kwamba pwani yote ya kaskazini yake imechanwa na hori: Tudor, Mtwapa, Kilifi. Kwa karne nyingi hori hizo zilikuwa neema, kwa kuwa jahazi hupata humo mahali pa kujificha na kusi. Motokaa ilipokuja zikageuka kikwazo. Wazee husimulia habari za pantoni ya Mtwapa iliyovutwa kwa mnyororo, wavutaji wakiimba. Nyali palikuwa na daraja la kuelea tangu mwaka 1931, hata lilipojengwa daraja la sasa mwaka 1980. Kilifi walisubiri zaidi, hadi mwaka 1991. Sisi tusiwacheke, maana watu wa Lindi na Mtwara walikesha kwenye kivuko cha Rufiji mpaka Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, lilipofunguliwa mwaka 2003.

Likoni ni habari nyingine. Mlango huo ndio njia ya meli kubwa ziingiazo bandari ya Kilindini, kwa hiyo haukuweza kuzibwa kwa daraja la kawaida. Watu huvuka kwa pantoni, ambayo wenyeji huiita feri, na mwenda kwa miguu halipi kitu. Nilishuka mteremko ule jioni katikati ya umati usio na mwisho: watu, baiskeli, mikokoteni ya maji, kila mmoja akiharakisha na hakuna anayekimbia. Hakuna mtu wa Mombasa asiyejua yaliyotokea jirani hapo, Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, pantoni ilipopinduka na watu zaidi ya 270 wakafa maji. Nilisimama karibu na ukingo, nikaushika.

Mombasa ni pazuri kwa mtu aliye peke yake. Asubuhi unaketi kwenye benchi, unaagiza mahamri na mbaazi, na kabla chai haijapoa jirani amekwisha kukuuliza watoka wapi na kwa nini hukuja na mkeo. Kutoka hapo hadi Malindi ni kama kilomita 120, njia ni njema, katani na mikorosho pande zote, na karibu na Watamu yako magofu ya Gede, mji uliohamwa karne nyingi zilizopita. Sitakaa sana hapo. Vitabu vimekwisha kuyaeleza.

Mkato wa tatu ni Mto Tana, na huu una ajabu yake. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, nao hupata maji yake Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mamia ya kilomita kutoka baharini. Kwa hiyo mvua ikipiga kule bara, Garsen hufurika ingawa huku jua linawaka. Barabara ya kutoka Garsen hadi Lamu, zaidi ya kilomita 100, ilikuwa ya vumbi na matope mpaka ilipotiwa lami miaka ya karibuni. Lakini lami haizuii mto. Katika mafuriko ya Novemba 2023 maji yalipita juu ya barabara, na Lamu ikatengwa na nchi nyingine kwa njia ya nchi kavu.

Mkato wa nne ndio mzito zaidi. Baada ya majeshi ya Kenya kuingia Somalia Oktoba 2011 kupigana na kundi la al-Shabaab, eneo la Lamu lililipa gharama. Juni 2014 mji wa Mpeketoni ulishambuliwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, katika barabara hiihii, wakafa abiria wasiopungua watatu. Serikali ya Kenya iliamuru magari yasindikizwe na polisi na yasipite usiku, na vituo vya ukaguzi vikaongezwa.

Katika kimoja cha vituo hivyo tuliteremshwa sote, kila mtu na kitambulisho mkononi. Wenzangu walipita. Pasi yangu ya Tanzania ilizuiwa. Askari, kijana wa makamo yangu, aliuliza nakwenda kwa nani Lamu. Nikasema siendi kwa mtu. Akauliza nimefuatana na nani. Nikasema niko peke yangu. Kila jibu la kweli lilizidi kuniharibia, kwani kijana mwanamume, mgeni, asiye na mwenyeji wala mwenzi, ndiye hasa aliyewekewa kizuizi kile, na kusema haki nisingeweza kumlaumu. Dereva alipiga honi. Ndipo bibi mmoja wa makamo ya mama yangu, tuliyeketi kiti kimoja tangu Malindi na ambaye nilikuwa nimembebea kikapu, aliporudi kutoka kwenye mlango wa basi.

“Afande,” alisema, “mwanangu huyu nimekaa naye njia nzima. Mimi nitafika naye.”

“Mama, unamjua?”

“Nimemjua leo.”

Askari aliitazama tena picha, akamtazama bibi, akanirudishia pasi.

Tulifika Mokowe alasiri, mahali barabara inapokoma. Kaskazini kidogo liko gati jipya la bandari ya Lamu, lililofunguliwa Mei 2021 katika mpango wa kuiunganisha bahari na Ethiopia na Sudan Kusini. Kwa upande wetu wa kusini, Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa dola za Kimarekani kama milioni 384 kwa kilomita 175 za njia ya pwani, sehemu ya Mkange, Pangani hadi Tanga kwetu, na Mombasa hadi Kilifi kwa jirani. Fedha hizo ni za lami na daraja la Pangani. Kilomita za Nyongoro hazimo.

Bibi alinipandisha mashua, akanionyesha nyumba ya wageni yenye bei ndogo, akaenda zake nyuma ya punda aliyebeba mizigo yake. Asubuhi nilikwenda kukata tiketi ya kurudi. Basi la kesho yake lilikuwa limejaa. Nikapewa kiti cha keshokutwa.