Namna ya kutengeneza Jeep ndogo ya vita kwa kipimo cha 1/20



Kisha maonyesho ya kazi za mikono, watu wengi waliuliza namna gani ile Jeep ya karato ilitengenezwa. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza neno lingine: «Watoto wa shule ya misioni wanatengeneza gari ya vita juu ya nini?» Tutajibu yote mawili, lakini tuanze na vipimo, sababu kazi yote iko pale.

Gari tuliyochagua ni Willys MB ya Marekani, ya Vita vya Pili vya Dunia. Kompani mbili, Willys na Ford, zilitengeneza zaidi ya 600 000 za namna hiyo kati ya 1941 na 1945. Urefu wake ni m 3,33, upana m 1,57, na toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya lile la nyuma ni m 2,03. Kipimo cha 1/20 maana yake kila santimetre 20 za gari ya kweli zinakuwa santimetre 1. Gawanya basi: urefu cm 16,6, upana cm 7,9, kati ya magurudumu cm 10,1. Gurudumu lenyewe, lenye karibu cm 71, linabaki na cm 3,5. Mutu asiseme: «Mimi nitapima kwa macho.» Nilifanya vile kwa Jeep yangu ya kwanza. Magurudumu yalitoka makubwa mno, na wadogo wakaiita trakteri. Juma tatu za kazi zikapotea bure.

Wapenda hesabu wasikilize hapa. Urefu unagawanywa kwa 20, lakini eneo linagawanywa kwa 400, na ujazo kwa 8 000. Gari ya kweli inapima karibu kilo 1 040. Kama ile ndogo ingekuwa ya chuma kile kile, ingepima gramu 130 tu.

Sasa karato. Karato ya boksi yenye unene wa milimetre 2 inaonekana nyembamba, sivyo? Zidisha kwa 20: ni santimetre 4! Hakuna Jeep yenye bati ya namna ile. Njo maana mifano mingi inafanana na sanduku ya mayai. Dawa yake ni nyepesi: kata kwa wembe, kisha uparue ukingo kwa upande wa ndani, pale tu macho yanapofika, mpaka ubaki mwembamba kama karatasi ya kifuniko cha daftari. Kama kole ya duka haiko, uji mzito wa unga wa muhogo unashika karato vizuri, lakini ngoja usiku mzima na uweke jiwe juu. Mupira wa sandale iliyochakaa unafaa kwa magurudumu. Usukani na fimbo za kioo, tumia senyenge.

Tazama uso wake vizuri. Jeep ya vita iko na nafasi 9 wazi mbele ya radiatere. Zile za raia zilizofuata ziko na 7. Taa zake zinaweza kugeuzwa nyuma, kusudi fundi aone mashini usiku. Milango hakuna. Tangi ya esanse iko chini ya kiti cha dereva, na gurudumu la akiba linafungwa nyuma.

Rangi ni kijani ya kaki, lakini rangi moja tupu inaifanya kuwa kitu cha kuchezea. Mbelgiji François Verlinden alijulikana sana kwa namna hii: kwanza maji ya rangi nyeusi yanayoingia ndani ya mifereji na pembe, ikikauka, burashi karibu kavu yenye rangi nyeupe kidogo, inayogusa ncha tu. Sisi tulitumia masizi ya chungu na tone la sabuni. Chini tulipaka vumbi nyekundu ya barabara yetu, hiyo ni bure.

Wengine wataona mifano ya duka ya 1/35 na kushangaa juu ya hesabu ile. Kompani Tamiya ya Japani ilitoa kifaru Panther mwaka wa 1961, na ukubwa wake ulichaguliwa kusudi pile mbili ziingie ndani. Kipimo kilifwata pile!

Kwa mzee wetu, tunajibu hivi. Mwaka wa 1942, jeshi la majini la Marekani liliomba shule zitengeneze mifano 500 000 ya ndege kwa mti, kwa kipimo cha 1/72. Ukiitazama toka mita 10, ni sawa na kutazama ndege ya kweli toka mita 720. Askari walijifunza hivyo kutambua ndege ya adui na ndege ya ndugu. Mwanafunzi akikosa umbo la bawa, askari anajifunza uwongo, na siku moja anapiga watu wa upande wake. Juu ya hiyo mifano ilichunguzwa mbele ya kupokelewa. Kwa hiyo, mzee, hata ndani ya vita kulikuwa kazi ya kupima vizuri ili mutu asife bure.

Bunduki hatukuweka. Willys ilitoka kiwandani bila bunduki, tena hatupendi mwanafunzi asimamishwe njiani na kitu cha namna ile mkononi.

Mzee aliposikia, aligeuza gari mara mbili, akauliza kama ni kweli zilibeba majeruhi. Ndiyo, zilibeba, juu ya machela. Machela ya mita 2 inakuwa cm 10 kwetu, na nyuma ya kiti cha dereva nafasi haitoshi; lazima ipite juu ya kioo kilicholazwa mbele. Tumeanza kuchonga mipini yake.