Neno Lipi Litangulie? Jozi za Maneno katika Kiingereza cha Kila Siku

Utangulizi

Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika insha kuhusu tamthilia moja, na katika aya ya mwisho nikasema kwamba uamuzi wa mhusika mkuu ulikuwa "a matter of death and life". Kichwani nilikuwa na Kiswahili changu: jambo la kufa na kupona. Insha iliporudi, maneno hayo yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa kwamba hicho si Kiingereza. Basi, hakuna maelezo zaidi. Nikafungua kitabu cha sarufi nitafute nimevunja kanuni ipi. Nomino mbili zimeunganishwa na "and", upatanisho uko sawa, nyakati ziko sawa. Kanuni sikuiona. Nadhani wengi wetu yametukuta mambo ya namna hii.

Makala haya yanajaribu kueleza kanuni ile imejificha wapi. Kiingereza ni kipana, kwa hiyo nitashughulikia kipande kimoja tu: jozi za maneno zilizoganda, ambazo Mwingereza huzitamka kila siku bila kufikiri. Hoja yangu ni kwamba mpangilio wa jozi hizi ni sehemu ya sarufi sawasawa na nyakati za vitenzi, na kwamba mhakiki asiyeusikia hawezi kutofautisha kosa na ufundi.

Jozi hizi ni nini?

Tuanze na mifano. "Bread and butter", "salt and pepper", "law and order", "back and forth", "sooner or later". Geuza yoyote kati ya hizo, useme "butter and bread" au "order and law", na msikilizaji atakuelewa, lakini atakutazama kidogo. Mwaka 1959 mwanaisimu Yakov Malkiel alichapisha uchunguzi mrefu kuhusu jozi za namna hii, akiziita jozi zisizogeuzika. Tangu hapo wataalamu wengi wamezifuatilia.

Mtu anaweza kusema: hayo ni mazoea tu, sarufi iko wapi? Hebu tutazame "bread and butter" katika sentensi. Kwa kanuni tuliyofundishwa, vitu viwili vikiunganishwa na "and" huchukua kitenzi cha wingi. Lakini Mwingereza husema "bread and butter is" pale anapomaanisha mkate uliopakwa siagi, kwa sababu kwake hicho ni kitu kimoja. Tena, jozi hiyo ikitumiwa kwa maana ya riziki ya mtu, haikubali kuchomekwa neno katikati. Ukisema "bread and fresh butter", riziki imepotea, kimebaki chakula. Basi jozi ina umbo lake, ina upatanisho wake, na ina maana yake. Kama hiyo siyo sarufi, sijui sarufi ni nini.

Kwa nini neno hili litangulie?

Sababu zilizotajwa na wataalamu ni nyingi. Nitazigawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maana. Mwaka 1975 William Cooper na John Robert Ross walieleza kwamba neno linaloelekea kutangulia ni lile lililo karibu na msemaji mwenyewe. Ndiyo maana ni "here and there", "now and then", "this and that". Kiswahili nacho tunasema hapa na pale, huku na kule. Aidha, linalotokea kwanza hutajwa kwanza: "hit and run", "rise and fall". Vilevile mwenye nguvu humtangulia asiye nazo: "master and servant", "parent and child".

Fungu la pili ni sauti. Neno fupi hupenda kutangulia refu: "salt" lina silabi moja, "pepper" mbili, "bread" moja, "butter" mbili, hata "ladies and gentlemen" ni mbili kwa tatu. Jambo hili si geni duniani. Panini, mwanasarufi wa India aliyeishi karne nyingi kabla ya Kristo, aliweka kanuni kwamba katika maneno ambatani ya aina fulani ya Kisanskriti, lenye irabu chache hutangulia. Pia kuna irabu zenyewe. Kiingereza husema "tick-tock", "zig-zag", "chit-chat", "ping-pong", daima irabu ya juu ya mbele kwanza, kisha ile ya chini. Saa ya ukutani haibadilishi mlio wake. Anayeubadilisha ni Mwingereza.

Fungu la tatu ni historia. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, walikuja na Kifaransa chao, na lugha hiyo ikatawala mahakamani muda mrefu. Sheria ya kuagiza kesi zizungumzwe kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1362. Lugha hizo mbili, pamoja na Kilatini, zikaacha jozi ambamo neno la asili ya Kiingereza limekaa ubavuni mwa neno la kuja: "breaking and entering", "will and testament". Jozi nyingine zimehifadhi maneno yaliyokwisha kufa kwingineko. Nani leo husema "kith" peke yake bila "kin", au "fro" bila "to"? Sisi tunalijua jambo hili. Mtu fukara tunasema hana hanani, na hilo "hanani" halitembei peke yake. Ukisikia "safe and sound" unasikia konsonanti moja ikirudiwa, kama sisi tunaposema salama salimini. Na kwa hali na mali ina vina kabisa.

Sababu hizi hugombana. Neno "husband" ni refu kuliko "wife", lakini linatangulia, kwa hiyo hapo maana imeishinda sauti. Nayo "thunder and lightning" inatanguliza ngurumo, ingawa kila mtu huuona umeme kwanza. Hivyo basi tuziite mielekeo, siyo amri.

Je, ni maumbile au ni jamii?

Hapa ndipo mambo yanapomhusu mwanafunzi wa fasihi. Mwingereza anaweza kudhani kwamba mpangilio wake ni wa maumbile. Lakini yeye husema "black and white", na Mfaransa pia huanza na nyeusi, ilhali Mhispania na Mwitaliano huanza na nyeupe. Rangi ni zilezile.

Twende kafeteria. Sisi tunaagiza ugali samaki, wali maharage, chipsi mayai, na hata "na" yenyewe tumeitupa. Jaribu kumwambia mhudumu "samaki ugali" uone atakavyokutazama. Kwetu chakula kikuu ndicho bwana wa sahani, na mboga inafuata. Mwingereza anasema "fish and chips", "sausage and mash": kitoweo mbele, viazi nyuma. Kila mmoja ametanguliza anachokiona kikubwa, lakini ukubwa wenyewe umeamuliwa jikoni kwake.

Kama ni hivyo kwa chakula, kwa watu je? Mwaka 1553 Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha, aliwahimiza Waingereza wamtaje mwanamume kabla ya mwanamke, eti ndio utaratibu wa maumbile. Hadi leo ni "men and women", "husband and wife", "Mr and Mrs". Wanawake hutangulia kwenye salamu za jukwaani, "ladies and gentlemen". Jamani, si tunajiona hapo? Mkutanoni ni mabibi na mabwana, lakini kadi ya mwaliko wa harusi inaandikwa Bwana na Bibi. Heshima ya jukwaani ni kitu kimoja, na jina la nyumba ni kitu kingine. Mhakiki anayesoma riwaya ya Kiingereza na kukuta mwandishi ameandika "wife and husband" asipite haraka. Huenda hapo kuna hoja nzima.

Kosa au ukiushi?

Hili linanirudisha kwenye wino mwekundu. Gabriel Okara wa Nijeria aliandika mwaka 1963 katika jarida la Transition, lililokuwa likitoka Kampala, akitetea mwandishi Mwafrika kutafsiri fikra zake kutoka lugha yake kwenda Kiingereza kwa ukaribu mkubwa kadiri iwezekanavyo. Mwaka uliofuata akatoa riwaya yake The Voice, ambamo sentensi za Kiingereza zinafuata mpangilio wa Kiijo, na mara nyingi kitenzi kinasogezwa mwishoni. Kalamu ile iliyosahihisha insha yangu ingeipaka riwaya hiyo nyekundu tangu ukurasa wa kwanza.

Je, Okara na mimi ni sawa? Hapana, lazima niseme ukweli. Okara aliujua mpangilio wa Kiingereza akaamua kuuvunja, akauvunja kwa utaratibu, na kwa sababu inayoonekana katika maisha ya wahusika wake. Mimi nilivunja bila kujua kwamba kuna kitu cha kuvunjwa. Lakini tofauti hiyo haionekani kwa kutazama maneno matatu yaliyozungushiwa duara. Inaonekana kwa kusoma kazi nzima na kuuliza: mpangilio wa kawaida ni upi, umevunjwa mara ngapi, na umevunjwa kwa faida gani?

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba jozi za kila siku zina sarufi yake, inayotokana na maana, sauti na historia, na kwamba ndani yake jamii imeficha mawazo yake kuhusu nani atangulie. Kwa wanafunzi wenzangu, nashauri tuzisikilize jozi hizi redioni na katika filamu, tuziandike daftarini, kwa sababu orodha za vitenzi peke yake hazitoshi. Kwa walimu wetu, ombi langu ni dogo: pale mnapoandika kwamba hiki si Kiingereza, mtuongezee mstari mmoja unaosema ni mpangilio upi tumeukosa.

Insha ile ningeiandika leo, ningeweka "life and death", kwa sababu katika insha sikuwa na sababu ya kuugeuza. Lakini nikiandika hadithi, na ndani yake kuna mama wa Tanga anayezungumza Kiingereza huku akiwaza kwa Kiswahili, nitamwachia "death and life" yake, na mhariri akiigusa tutagombana.