Mtoto amechelewa kwa hesabu ya nani?

Nimelaumiwa kwa kuwashauri dada zetu wajawazito walioko Uingereza wasiipeleke tarehe ya kujifungua kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Wanaonilaumu wanasema ni maringo ya Kizungu, kwamba Msoga hamfichi mama mzazi habari za mjukuu. Lawama hiyo inaniuma, maana tarehe yenyewe ndiyo ya Kizungu. Ikishafika kwetu Buwenge, Busoga nchini Uganda, inasikika kama siku ya harusi: imetajwa, basi watu wanaingoja. Siku hiyo ikipita kimya, simu zinaanza. Bado tu? Madaktari wanasemaje? Kuna nini mnatuficha? Siku ya tatu watu wanafunga na kuomba. Siku ya tano yuko anayeuliza ni nani mwenye kinyongo na huyo binti. Mimba ya wiki 40 na siku tano, isiyo na kasoro yoyote, imekwisha kuwa mkasa wa ukoo mzima. Ninaandika kueleza tarehe hiyo inatoka wapi, ili anayenilaumu ajue ninapinga nini hasa. Sipingi vipimo, wala sipingi wakunga. Ninapinga kuchukua makadirio na kuyafanya ahadi.

Hesabu inayotumika duniani kote inaitwa kwa jina la Franz Naegele, daktari wa uzazi wa Heidelberg, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1851, na yeye aliijenga juu ya maneno ya Boerhaave wa Leiden, wa karne moja kabla yake. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Januari ataambiwa 17 Oktoba. Jumla yake ni siku 280, yaani wiki 40. Kanuni hiyo inamchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28 na yai linalopevuka katikati yake. Mwenye mzunguko wa siku 35 anahesabiwa wiki moja ambayo mtoto wake hakuwapo kabisa. Hata pale mwanzo unapojulikana vizuri, mimba hazilingani. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2013 walifuatilia mimba 125 ambazo siku ya yai kupevuka ilijulikana kwa vipimo vya mkojo, na walipowaweka kando watoto njiti bado walikuta tofauti ya siku 37 kati ya mimba fupi na ndefu. Kabla ya hapo, mwaka 1990, utafiti wa Boston ulionyesha kwamba wanawake weupe wanaozaa kwa mara ya kwanza, wakiachwa bila kuingiliwa, nusu yao walivuka wiki 41. Watoto wanaozaliwa siku ileile iliyotajwa ni kama watano tu katika kila mia. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema mimba imepitiliza ikitimiza wiki 42, ambazo ni siku 294. Kwa hiyo yule binti wa wiki 40 na siku tano, anayeombewa Buwenge, hajachelewa kwa kipimo cha mtu yeyote isipokuwa cha simu zetu.

Wa nyumbani hawezi kujua jinsi Uingereza ilivyoyafunga maisha ya familia kwenye tarehe hiyo, na haya lazima niyaeleze kwa kirefu. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 mama anapigwa kipimo cha utrasaundi, mtoto anapimwa toka utosini hadi makalioni, na tarehe inaandikwa. Kuanzia hapo inatembea yenyewe. Mimba ikitimiza wiki 20 mkunga anatoa hati iitwayo MATB1, mwajiri anaipokea, na likizo inahesabiwa kutoka wiki iliyoandikwa humo. Mama anaweza kuianza likizo wiki 11 kabla ya wiki hiyo. Ana haki ya wiki 52, lakini malipo ya kisheria ni ya wiki 39 tu. Sasa fikiria aliyetoka kazini wiki mbili kabla ya tarehe, kisha mtoto akaja wiki mbili baada yake: wiki nne za malipo zimekwenda akiwa bado anatazama tumbo. Sheria ya kazi ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa siku 60 za kazi, ni chache mno, ninakubali, ila inataka angalau wiki nne ziwe baada ya kujifungua, na hakuna anayemtazama mama wa Buwenge kama mtu aliyekawia kutimiza mkataba. Kuna pia nyanya. Viza ya mgeni inampa miezi isiyozidi sita, tiketi inanunuliwa kwa kuitazama tarehe ya mkunga, na ahadi ya nyanya ya kumwogesha mtoto na kumkanda mama inategemea mtoto aje wakati nyanya yupo. Shughuli za shangazi, majina na emumbwa, ule udongo wenye mitishamba wa wajawazito, mnazijua, sizirudii. Ninachosema ni kwamba huku tarehe imekuwa ya mwajiri, ya ubalozi na ya shirika la ndege, na ndiyo sababu wenyeji wanapoitamka wanaitamka kama amri. Ikifika wiki 41 mama anaambiwa amepitiliza, anapewa nafasi ya mkunga kuuchokoa mlango wa kizazi kwa kidole, kisha anapangiwa siku ya kuanzishiwa uchungu.

Pingamizi la kwanza ninalipa uzito wote, kwa sababu ni la maisha. Watu wanasema: kungoja kunaua, wewe unafundisha watu uzembe. Ni kweli kwamba kondo la nyuma huanza kuchoka, na hatari ya mtoto kufia tumboni hupanda kila wiki baada ya wiki 41. Nchini Sweden utafiti uitwao SWEPIS uliwagawa kwa kura wanawake 2,760: nusu walianzishiwa uchungu wakiwa na wiki 41, nusu waliachwa hadi 42. Ulisimamishwa kabla ya wakati mwaka 2018, kwa sababu watoto sita wa kundi lililongoja walifariki na hakuna aliyefariki katika kundi la kwanza. Sitamwambia mtu akatae kuanzishiwa uchungu akifika wiki 41, na anayeona mtoto amepunguza kucheza aende hospitali siku hiyohiyo, iwe wiki ya 30 au ya 40. Lakini usomeni utafiti huo ulivyo. Haukulinganisha wiki 40 na 41. Uliwalinganisha watu waliokwisha kufika 41. Tena mimba zile zilikuwa zimehesabiwa kwa utrasaundi, kwa hiyo wiki 41 zilikuwa wiki 41. Shirika la Afya Duniani linapopendekeza uchungu uanzishwe kwa aliyetimiza wiki 41, linamtaja yule anayejulikana kwa yakini kuwa amezitimiza, na mwongozo wake wa mwaka 2011 ulisema wazi kwamba pendekezo hilo haliwahusu watu wa mahali ambapo umri wa mimba hauwezi kukadiriwa kwa uhakika. Nguvu ya kusema mtoto amechelewa haiwezi kuizidi nguvu ya hesabu iliyotumika. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Na ndipo tunapofika Buwenge. Takwimu za taifa za mwaka 2016 zilionyesha kwamba ni wanawake 29 tu katika kila mia nchini Uganda waliokwenda kliniki ya wajawazito katika miezi mitatu ya kwanza. Wengi huenda tumbo likishaonekana, na wapo ambao hedhi haikuwa imerudi tangu walipokuwa wakimnyonyesha mtoto aliyetangulia, kwa hiyo siku ya Naegele hawana. Mkunga anakadiria kwa kupima kimo cha tumbo. Akipelekwa utrasaundi ya mwezi wa nane, mjini Jinja au Mbale, karatasi inatoka na tarehe iliyochapwa vizuri, na watu wanaiamini kwa kuwa imetoka kwenye mashine. Lakini utrasaundi ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea kwa wiki tatu hivi, mbele au nyuma, kwa sababu wakati huo watoto wamekwisha kutofautiana ukubwa na mashine inakisia umri kwa ukubwa. Mama anayeambiwa ana wiki 41 anaweza kuwa na 38, na anaweza kuwa na 43. Wa kwanza akiharakishwa, mtoto anaweza kuja na mapafu ambayo hayajawa tayari. Wa pili akiambiwa asubiri kidogo, tumemwacha kwenye hatari ileile ya Sweden. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu zinazidisha ubaya, maana hakuna anayejua kipimo chake, na madaktari wamekutana na vizazi vilivyopasuka baada ya mama kuzinywa. Kuchelewa kwa Buwenge, basi, kulianza miezi sita nyuma, siku ile ambayo hakuna aliyeuandika mwanzo.

Ndiyo maana ninaona fedha na maneno tunayotuma nyumbani yanakwenda mahali pasipo. Tunapiga simu mwezi wa tisa, wakati simu yenye faida ni ya mwezi wa pili: umeona hedhi lini mara ya mwisho, umekwenda kliniki? Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 kwamba kila mjamzito apate utrasaundi moja kabla ya wiki 24, na mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba kipimo cha mapema kinapunguza idadi ya wanaoanzishiwa uchungu kwa kudhaniwa wamepitiliza. Nauli ya boda boda na gharama ya kipimo kimoja mwezi wa tatu vina thamani kuliko vocha zote za kuuliza bado tu. Uganda imeonyesha kwamba mambo haya yanabadilika: vifo vya mama wajawazito vilivyokuwa 336 kwa kila vizazi hai 100,000 katika takwimu za 2016 vimeshuka hadi 189 katika zile za 2022. Kazi hiyo imefanywa na wakunga na wahudumu wa afya wa vijijini.

Pingamizi la pili linatoka huku, na ndilo linalonichoma zaidi. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2004, wa uzazi zaidi ya 122,000, ulikuta kwamba wanawake weusi na wa asili ya Asia Kusini hujifungua kwa wastani wakiwa na wiki 39, na wazungu 40. Basi, wanasema, kwenu nyinyi mtoto huchelewa mapema zaidi. Mwezi Mei 2021 taasisi inayoandika miongozo ya tiba nchini Uingereza, NICE, ilitoa rasimu iliyotaka wanawake weusi na wa Asia wafikiriwe kuanzishiwa uchungu wiki ya 39 hata kama mimba haina tatizo. Wakunga wengi na mashirika ya kina mama walipinga, na mwongozo wa mwisho wa Novemba ukaja bila kifungu hicho. Mimi ninaukubali utafiti na kuikataa rasimu. Wastani wa kundi unatufundisha kumwangalia mama kwa makini zaidi wiki ya 41. Haumpi Msoga, Mgisu, Mjamaika na Msomali siku moja ya kuingia wodini kwa sababu ya rangi. Na kama nia ilikuwa kuokoa maisha, walikuwa na pa kuanzia. Takwimu za Uingereza za 2018 hadi 2020 zilionyesha mwanamke mweusi akifa kwa uzazi kwa kiwango kinachokaribia mara nne ya mwanamke mzungu, na ugonjwa wa moyo na damu kuganda ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo. Mama mwenye kifua kinachobana anahitaji mtu wa kumsikiliza anaposema kinabana, hata kama tarehe yake iko mbali.

Wanaosema kwamba kuficha tarehe ni kuvunja undugu, jibu langu ni dogo: tajeni mwezi. Mwambieni nyanya ni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, Mungu akipenda. Huo ndio ukweli wenyewe wa kitabibu, na hakuna kilichofichwa.

Mwezi huo wa Septemba, kwa walio England, una jambo lake, na hapa wazazi wageni hupigwa na butwaa. Mtoto aliyezaliwa 31 Agosti anaanza darasa la awali liitwalo Reception akiwa na miaka minne na siku kadhaa. Aliyezaliwa kesho yake, 1 Septemba, anangoja mwaka mzima, na anaingia akiwa ametimiza mitano. Nyumbani tulipima kwa mkono kupita juu ya kichwa hadi sikio, mwalimu akaangalia, yakaisha. Huku saa chache za usiku zinaamua mtoto atakaa na nani darasani kwa miaka yote ya shule, na tafiti za Uingereza zimeonyesha tena na tena kwamba waliozaliwa Agosti hupata alama za chini kuliko wa Septemba, hasa miaka ya mwanzo. Watoto wetu wengi wanaingia shule na lugha mbili au tatu kichwani, na mwalimu anayemlinganisha wa miaka minne na wa mitano anaweza kuona uzito wa ulimi mahali ambapo pana udogo tu. Mtoto wa Agosti aliyekawia tumboni hadi Septemba amejipatia mwaka.

Kwa aliyezaliwa kati ya 1 Aprili na 31 Agosti, wazazi wa England wanaruhusiwa kuomba aanze Reception mwaka unaofuata. Wengi wetu hawajui, na maombi ya shule za msingi hufungwa 15 Januari, kwa hiyo barua iandikwe mapema. Kwa mtoto njiti, kanuni za udahili zinawataka wanaoamua watazame pia kama angeangukia kundi la umri mdogo zaidi laiti asingezaliwa kabla ya wakati. Ambatanisheni nakala ya karatasi ya utrasaundi ya kwanza, ile yenye tarehe.